Zamu ya Baba Mkwe

Kabla hajawa baba mkwe wangu, mzee huyu alikuwa mwajiri wangu, na katika muda huo aliteka miji yangu kumi na saba. Nasema hivi mapema ili mtu asidhani kwamba niliingia katika ukoo wake kwa mapenzi peke yake. Mapenzi yalikuwepo, lakini kisasi kilitangulia.

Alikuwa mkuu wa chuo cha uhazili mjini Kakamega, ghorofa ya pili, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Tulikuwa na taipureta ishirini na kompyuta moja. Kompyuta hiyo tuliinunua kwa mtafiti wa vipepeo aliyekuwa akirudi kwao baada ya kukaa msituni Buyangu miaka kadhaa, na mke wa mkuu akaifumia kitambaa cheupe chenye maua ya zambarau. Wanafunzi waliruhusiwa kuigusa Jumanne na Alhamisi, watano watano, baada ya kunawa mikono. Mimi nilikuwa mwalimu wa kompyuta. Sifa zangu zilikuwa kozi ya wiki tatu niliyofanyia Kisumu, ambako nilifundishwa jinsi ya kuiwasha na, muhimu zaidi, jinsi ya kuizima.

Mtafiti wa vipepeo alisahau kufuta mchezo wake. Mkuu aliugundua siku moja akitafuta barua ya ofisi ya elimu, akaniita nimweleze ni kitu gani. Nilimweleza nisichokijua kwa sauti ya mtu anayekijua, maana hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa kufanya. Baada ya wiki tukawa tunaujua wote wawili, na saa ya chakula cha mchana ikawa yetu.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kujenga himaya. Unaanza na kikundi kimoja cha watu katika nchi yenye giza, unajenga mji, mji unazaa mwingine, na kila zamu miaka inapita. Watu wawili waliweza kucheza kwa mashine moja: mmoja anaketi, anasogeza watu wake, anabonyeza kitufe cha kumaliza zamu, anasimama, mwenzake anakalia kiti kilekile. Kushinda kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, uiteke miji yote ya wenzako. Ya pili, uwe wa kwanza kupata elimu yote na kurusha chombo kwenda kwenye nyota ya mbali. Na hapakuwa na saa. Mashine ilikungoja mpaka ubonyeze, hata ukienda Mumias na kurudi.

Mkuu alikuwa mtu wa njia ya kwanza. Asubuhi alifungua gwaride kwa sala ndefu ya kuombea mataifa amani, na saa saba mchana alikuwa akiichoma miji yangu moto. Kila mji ulipoanguka alisema, "Pole, mwalimu," kwa huruma ya kweli kabisa, kisha akauteka uliofuata.

Sikumchukia. Alikuwa mzee wa kanisa, lakini mzee wa kisasa, mwenye kuchekesha. Mambo ya mila aliyaita mzigo. Siku ya kufunga muhula tulipochinja kuku, alichukua firigisi, ambayo kwetu ni haki ya mwenye nyumba wa kiume, akaiweka kwenye sahani yangu, mimi mwanamke, mbele ya walimu wote. "Dunia imebadilika," akasema. "Kula." Niliila, ngumu ilivyokuwa, na nikamheshimu zaidi.

Lakini nilitaka kumshinda, hata mara moja tu. Kwanza nilimuiga: nikaunda majeshi, nikashambulia, nikaisha. Kisha nikazungushia kila mji ukuta, na watu wangu wakafa njaa ndani ya kuta nzuri sana. Alipita akiokota miji kama mtu anayeokota mapera. "Wewe unajuanga kujenga," aliniambia, "lakini haujuangi kwa nini unajenga."

Jibu nililipata Shinyalu, kwa mama yangu, wikendi ya palizi. Mama alikuwa na kishamba kisichofika ekari moja, na watu waliokuwa na tano walikuja kwake kuomba mbegu. Hakununua kitu chochote kabla ghala halijajaa. Tena shamba lake lilizungukwa na kijito na ua wa miiba, njia ya kuingilia ikawa moja tu, kwa hiyo alifuga mbwa mmoja na akamtosha. Nilisimama na jembe langu katikati ya maharagwe nikaona mkakati mzima. Mama akaniuliza kama naumwa.

Jumatatu tulianza mchezo mpya. Nilitembeza watu wangu zamu nyingi bila kujenga kitu, mkuu akinicheka, mpaka nikapata rasi yenye bahari pande tatu na shingo nyembamba upande wa nne. Kwenye shingo palikuwa na kilima. Nikaweka askari wawili wa mikuki juu ya kilima, na nyuma yao nikajenga kwa raha: maghala kwanza, kisha barabara, kisha maktaba. Mji mkuu nikauita Shinyalu. Shinyalu yangu ilikuwa na chuo kikuu na mfereji wa maji safi. Ile ya kweli ilikuwa na mashine ya kusaga mahindi iliyoharibika.

Wale askari wawili nilikusudia kuwabadilisha. Karne zilipita, mkuu akapata farasi, akapata mizinga, na mimi kila zamu nikasema nitaweka watu wa maana pale kilimani zamu ijayo. Zamu ijayo palikuwa na shule ya kujenga. Majeshi yake yalikuja mpaka chini ya kilima, yakasimama, kisha yakageuka. Yalikuja tena, yakageuka tena. Nilianza kuwaeleza walimu wa taipu siri ya mkakati wangu. Niliwaambia adui hashindwi kwa nguvu, anashindwa kwa mahali. Nilivumilika kwa shida sana miezi ile.

Mkuu naye alibadilika. Zamu zake zikawa ndefu, pua ikikaribia kugusa kioo. Barua zilipokuja alinipa nimsomee, akidai sauti yangu ni safi. Nilidhani ni heshima. Mchana mmoja akaniomba nimsomee pia ukurasa unaoonyesha kila mtu amefika wapi, nikamsomea nikijizuia nisiimbe: chombo changu cha nyota kilibakiza vipande viwili. Zamu nne tu na ningeondoka duniani.

"Hii zamu nitaifikiria," akasema. Akauhifadhi mchezo kwenye disketi, akaitia disketi kwenye mfuko wa shati.

Wiki ile stima ilipotea, kompyuta ikalala. Wiki iliyofuata alikuwa na kikao cha kanisa kila mchana. Kisha kukawa na matanga, kisha wakaguzi. Katikati ya hayo akaja mwanawe, afisa wa kilimo kule Lugari, kutengeneza printa ya chuo. Printa haikuwa imeharibika. Aliitengeneza siku nne. Alikuwa mtu wa kucheka polepole, asiyekatiza mtu maneno, na kufikia siku ya tatu nilikuwa nimeanza kuja kazini na viatu vyangu vya kanisani. Nilimpenda na bado nampenda, na hilo halihitaji maelezo zaidi.

Mwaka haukuisha kabla wazee wa kwao hawajafika Shinyalu, wakaongea na wazee wetu, wakala, wakaelewana. Jumatatu nilirudi chuoni, na saa saba nikaenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Mkuu alikuwa amesimama mlangoni, hata hakuingia.

"Hapana, mama," akasema. "Sasa wewe ni mkwe. Mimi na wewe hatuwezi kukalia kiti moja."

"Lakini Mwalimu Mkuu, si ni wewe ulinipa firigisi?"

"Firigisi ni firigisi. Mkwe ni mkwe."

Na ni kweli, kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawakaribiani: hawashikani mikono, hawaketi karibu, na kiti chake hukikalii hata nyumba iwe na kiti kimoja. Nililijua hilo tangu utoto. Ila sikujua kwamba mzee wa dunia iliyobadilika angeirudia mila mchana ule hasa, akiwa amebakiza zamu nne ashindwe. Nilijumlisha mambo, printa ikiwemo, nikaamua kwamba amemwoza mwanawe ili asipigwe na mwanamke. Nilimweleza mume wangu hivyo wiki ya kwanza ya ndoa. Alicheka polepole kama kawaida yake, na hakukanusha.

Tulihamia Lugari, nikapata mtoto, nikafundisha taipu katikati ya mahindi ya watu. Kila tulipowatembelea wazee, nyumbani kwao njia ya Mumias, baba mkwe alikaa sebuleni na mimi jikoni, tukasalimiana kupitia ukutani.

"Baba, na ile zamu?"

"Bado nafikiria!"

Miaka mitatu alifikiria. Alistaafu, chuo kikanunua kompyuta mpya, akapewa ile ya zamani aende nayo, na bado alikuwa anafikiria. Nilimdharau kidogo, nakiri. Nilimwona mwoga anayejificha nyuma ya mababu.

Mama mkwe ndiye aliyeniambia, tukimenya ndizi. "Huyo haoni. Jana alimimina chai kando ya kikombe, akasema kikombe kimesongea. Ni miaka sasa. Amekataza watoto wasijue."

Niliweka kisu chini. Barua zile, pua ile kwenye kioo. Niliona aibu. Nikatoka hadi pembeni ya veranda, mbali naye kama inavyotakiwa, nikamwita. Aligeuza uso upande ambao sikuwepo.

"Umeambiwa," akasema. "Basi kuja umalize hiyo kitu. Iko kwa kabati. Mimi nitakaa hapa nje, wewe nibonyezee zamu zangu, iishe. Umeshinda."

Ningeweza. Vitufe vichache tu, nami ningekuwa nyotani. Lakini nilikuwa nimengoja ushindi ule miaka mitatu na niliutaka wote, pamoja na uso wake.

"Hapana, baba," nikasema. "Utaniona nikikushinda. Kwa macho yako."

Nilipigana vita ambavyo sikuwahi kupigana mchezoni. Kina baba wadogo walisema ni uzee tu, uachwe. Dada yake alitaka maombi kwanza. Yeye mwenyewe aliogopa kisu na kujifanya anaogopa gharama. Niliwaandikia barua, niliwapikia, niliwachosha, na mume wangu akawa ananiunga mkono kwa kukaa kimya wakati unaofaa. Mwishowe alipasuliwa mtoto wa jicho, jicho moja, kisha la pili. Siku alipofunguliwa bandeji alimtazama mjukuu wake kwa mara ya kwanza, akamshika masikio, akasema, "Kumbe haka ni ketu kabisa." Sikuwepo karibu, nilisimama mlangoni, nikalia huko huko mlangoni.

Jumamosi moja baada ya chakula kompyuta ilitolewa kabatini. Mama mkwe ndiye aliyeamua jinsi mila itakavyokaa: kila mmoja na kiti chake. Anayemaliza zamu anabeba kiti anatoka verandani, ndipo mwingine anaingia na chake. Disketi ikakubali. Baba mkwe akaingia na miwani mipya, nami nikangoja nje nikiwa nimekumbatia kiti changu, nimetulia kama mtu anayengoja kupewa cheti.

Kisha akaita kutoka ndani.

"Mama! Hapa kwa kilima ni watu wawili tu?"

"Ndiyo, baba."

"Na mikuki?"

"Ndiyo, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Mimi nilikuwanga naona tu kitu nyeusi hapo juu," akasema taratibu. "Nikasema huyu mtoto ameweka mizinga."

Basi ndio uliokuwa mkakati wangu. Si rasi, si shingo ya nchi, wala hekima ya mama na kijito chake. Nilikuwa nimelindwa na mtoto wa jicho, na mimi mwenyewe, kwa barua na chapati, nilikuwa nimemtoa kazini.

Alitoka amebeba kiti chake. "Haya, kuja." Nilipoketi, kilima kilikuwa chake. Nilitupa kila nilichokuwa nacho pale shingoni, na sikuwa na kitu, nilikuwa na maktaba. Zamu ya pili alifika Shinyalu. Ya tatu akaichoma. Kila alipotoka na kiti chake alisema, "Pole, mama," akitazama pembeni kwa adabu. Kipande cha mwisho cha chombo kilikuwa hakijaisha wakati mashine iliponitangazia kwamba himaya yangu haipo tena.

Nilirudisha kiti jikoni. Nilikuwa na hasira, na baba mkwe hatukanwi, kwa hiyo niliosha sufuria ambazo zilikuwa safi. Mume wangu alichungulia mlangoni, akaniona, akaondoka. Sebuleni mzee alianza kumsomea mkewe maandishi ya mwisho ya mchezo, neno kwa neno: jina langu kama malkia aliyeshindwa, orodha ya miji yangu yote, mwaka ulioanguka kila mmoja. Herufi zilikuwa ndogo sana. Nilizijua, mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea. Hakuruka hata moja. Alipofika chini kabisa, palipokuwa na mstari mdogo kuliko yote, akasita.

Nikasogea mlangoni bila kufikiri, nikafungua mdomo nimsaidie.

"Nyamaza, mwalimu," akasema bila kugeuka. "Naona."