Kompyuta Yangu na Saa ya Radi

Kompyuta yangu niliipata kwenye kiwanda cha chai nilikofanya kazi, mwaka ule walipoamua kuondoa mashine za zamani na kuwauzia wafanyakazi. Mimi nilikuwa karani mchapaji, na vidole hivi ndivyo vilivyoandika karibu kila barua iliyotoka ofisi ya meneja. Wenzangu waligombania meza na viti. Mimi nilijua ninachotaka. Nilipostaafu nikaileta hapa kwenye kishamba changu cha chai karibu na Mogogosiek, nikaifunika kitambaa nilichofuma mwenyewe. Ndugu zangu wa upande wa ziwa waliponiuliza mbona sirudi nyumbani na mume wangu ameshafariki, niliwajibu kwamba nina kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kuongea na binti yangu kila Jumapili.

Binti yangu ndiye mtoto pekee niliyejaliwa. Yuko Marekani, anatunza wazee zamu za usiku, na akitoka kazini Jumapili asubuhi, huku kwetu ni saa tisa alasiri. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yetu. Aliwahi kunitumia simu ya kupangusa, ikanishinda. Macho yangu na zile herufi ndogo hatukupatana, nikarudia mulika mwizi yangu, simu ndogo ya vitufe. Lakini kwenye kioo cha kompyuta nilimwona vizuri. Niliona tumbo lake likikua. Mjukuu wangu nilimwona akiwa na siku tatu, amekunja uso kama mzee aliyeamshwa.

Kisha sauti ikaanza kukatika, na mwishowe ile programu ya kupigia ikakataa kufunguka. Ilileta maneno kwamba mfumo wa kompyuta yangu umepitwa na wakati. Binti yangu akanipigia kwa simu ya kawaida.

"Mum, hiyo kitu imezeeka sana. Tafuta fundi akuwekee system mpya, halafu tutakuwa tunaongea kila Sunday kama kawaida. Si unajua mtoto ameanza kutembea?"

Mtoto ameanza kutembea! Hilo ndilo nililosikia, mengine yakapita.

Fundi nilimpata Kericho mjini, mwanamume wa makamo mwenye miwani. Nilimpelekea mashine ikiwa imefungwa kwa blanketi. Aliifungua, akapuliza, vumbi la chai la miaka yote ile likapanda hewani, naye akaniangalia juu ya miwani. "Mama, hii ilikuwa inakunywa majani?" Aliiongezea memori, lakini kabla hajaanza kuweka mfumo, stima ikapotea mji mzima. Sikutaka kunyeshewa na mzigo ule. Akanipa flashi yenye mfumo mpya, akanionyesha pa kuichomeka na pa kubonyeza, akanionya: "Itachukua saa nyingi kwa sababu ni mzee. Ikikwama kwenye asilimia ile ile hata nusu saa, wacha tu. Usizime kabisa."

Sasa lazima nieleze jambo la huku. Radi yetu ina ratiba. Asubuhi jua huwaka bila wasiwasi. Ikifika saa nane, saa tisa, mawingu yanapanda, ngurumo inaanza, na mara nyingi mvua ya mawe inashuka na kuchanachana chai. Ni nadra kupata nyumba isiyowahi kuunguliwa na televisheni. Kwa hiyo radi ikilia, aliye nyumbani huchomoa kila kitu ukutani, kisha huvuka kwenda kwa jirani ambaye hayupo, akamchomolea na yeye. Ni kama kumwanulia mtu nguo. Hakuna hata anayesema asante.

Jirani yangu ni mjane kama mimi, mzaliwa wa hapa, Mkipsigis. Tangu nipate mjukuu alikuwa ananiita kogo, yaani nyanya, kwa utani, maana wake yeye hawahesabiki. Hatukuwa marafiki wa kukaa pamoja. Tulikuwa watu wa kuombana chumvi.

Siku ya Jumamosi nilianza kuweka mfumo saa tatu asubuhi. Nilikaa mbele ya kioo nikitazama vidoti vikizunguka na asilimia zikipanda kwa shida. Saa saba ilikuwa imevuka nusu. Lakini siku hiyo ilikuwa ya kupeleka majani, na mimi sikubali majani yangu yapimwe nisipokuwepo, nimefanya kazi kiwandani. Nikaenda kituo cha kupimia. Lori likachelewa. Nikiwa bado kwenye foleni, ngurumo ya kwanza ikapita juu ya mabati. Niliacha gunia pale pale nikakimbia na gambuti zangu, mwanamke wa umri wangu, watu wakidhani nimefiwa.

Nilimkuta jirani anatoka mlangoni kwangu, shuka begani, uso umejaa furaha ya mtu aliyefanya jambo jema.

"Kogo, usiogope, nimechomoa yote. Hata hiyo kompyuta. Ilikuwa inazungukazunguka, nikasema hii sasa itaungua."

"Nani alikutuma?" nikamwambia. "Nani alikutuma uguse vitu vya watu?"

Kwao na kwetu, hilo si neno la kumwambia mtu aliyeacha nyumba yake wakati wa radi kwa ajili yako. Alijifunika shuka kichwani, akaenda, na mvua ya mawe ilimpata kabla hajafika kwake. Niliona. Sikumwita arudi.

Mashine ilipowashwa tena, ilileta weusi na mstari mmoja wa maandishi meupe. Fundi akaniambia kwa simu nianze upya. Jumatatu nilianza alfajiri, sikutoka hata kukamua ng'ombe kwa wakati, na kabla ya saa sita kazi ilikuwa imekwisha. Kioo kikajaa picha ya ziwa na milima ya nchi nisiyoijua. Barua zangu zote zilikuwepo. Programu ikafunguka. Nilipiga vigelegele humo ndani, kisha nikanyamaza, kwa sababu vigelegele vya mtu mmoja vina aibu. Nikamwandikia binti yangu ujumbe: Kompyuta imepona. Jumapili saa tisa. Akajibu: Wow, mum! Sawa.

Jumapili nilivaa gauni la kanisani hata baada ya kanisa. Nilipangusa kioo, nikakaa. Kamera ilikuwa na taa ndogo ya kijani inayowaka ikiwa kazini, na kwenye kioo nilijiona mwenyewe, mwanamke mwenye kilemba anayengoja. Saa tisa ikafika. Saa tisa na robo. Na nusu, mulika mwizi ikalia ujumbe: Sorry mum, nimechoka sana leo. Next week.

Mlango ukabishwa. Nikabonyeza kitufe cha kioo tu, kikawa cheusi. Alikuwa jirani, na kibuyu cha mursik mkononi, maziwa ya kugandisha aliyoyatia mkaa wake mwenyewe. Hakukaa. Alitazama kompyuta, akauliza kwa sauti ya chini, "Imepona?"

"Bado," nikasema.

"Ni mimi niliua."

Nilipaswa kumwambia ukweli. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Lakini ningesema imepona, angeuliza binti yangu anasemaje, na ningejibu nini? Kwamba mashine haikuwa na kosa? Nikampa kiti, na mzigo wa binti yangu nikamtwika mwanamke aliyekuja kunilinda na radi.

Wiki ijayo ya huko haifiki. Ikawa ni zamu, ikawa ni mtoto ana homa, ikawa hakuna ujumbe. Mimi nilimkasirikia binti yangu, nikamtetea, nikamkasirikia tena, yote nikiwa peke yangu nyumbani. Na kila Jumapili, saa tisa na nusu, jirani alikuja na kibuyu. "Imepona?" "Bado." Siku moja akaniambia amewaomba akina mama wa kanisani kwao waikumbuke kompyuta yangu katika maombi. Nilikunywa mursik haraka ili nisicheke, halafu nikaona ni kilio kilichokuwa kinakuja. Nitasema na hili, kwa sababu ni kweli: nilianza kuogopa kwamba nikisema imepona, na yeye ataacha kuja.

Jumapili iliyopita alikuja mapema, saa tisa kamili, kabla sijazima kioo. Mawingu yalikuwa tayari yamepanda. Niliwahi tu kukibonyeza. Tulipokaa, ngurumo ikapiga karibu sana, vikombe vikatetemeka kabatini, nami nikamwambia, "Haya, chomoa."

Hakuinuka. Huyu ambaye huchomoa hata pasi isiyowaka.

"Wacha kwanza," akasema. "Huyo binti yako anaweza piga."

Nikamtazama. Akanyoosha kidole kwenye kamera, kwenye ile taa ndogo ya kijani ambayo sikuwahi kufikiria kuifunika.

"Hiyo taa niliona tangu ile Jumapili ya kwanza, kogo. Washa hiyo kioo, asikukose."

Nilitaka kumwomba msamaha, kwa neno la siku ile ya mvua na kwa yote yaliyofuata, lakini alikuwa ameshanimiminia kikombe na kusogeza kiti chake karibu na changu. Niliwasha kioo. Tukatokea sisi wawili, yeye na shuka lake, mimi na kilemba changu. Mvua ya mawe ikashuka juu ya mabati, hatukuweza hata kuongea. Kila radi ilipopiga alinishika mkono, naye hakuugusa ule waya. Tulikaa hivyo mpaka saa kumi, kisha akainuka taratibu, akachomoa.