Picha Nne za Chumba cha Mbele

Mke wangu alipofariki, nyumba yetu ya Kamina ilibaki na vyumba vinne na mtu mmoja. Watoto walikuwa wameshaondoka, mmoja Kolwezi, mwingine Lubumbashi. Mimi nilikuwa nimestaafu kufundisha jiografia, na kwa miezi mingi niliongea na redio. Mtangazaji akiwasalimu wasikilizaji asubuhi, nilimwitikia kwa sauti.

Binti yangu wa Lubumbashi ndiye aliyeleta wazo la wageni. Ana ukurasa kwenye mtandao ambapo huwatafutia wasafiri vyumba vya siku chache, na kwetu wasafiri hawakosekani: mainjinia, wauguzi wanaokuja kuchanja watoto, wake za askari wanaowafuata waume zao kwenye kambi.

"Papa, chumba ya mbele iko bure," aliniambia kwa simu. "Unitumie tu mapicha."

Nilidhani ni kazi ya dakika tano. Nikasimama mlangoni, nikawasha taa, nikapiga picha nne. Mtandao wa mtaani kwetu hauna nguvu ya kubeba picha, kwa hiyo nilitembea hadi karibu na mnara wa simu ndipo nikazituma. Jibu lilinikuta bado nimesimama palepale kwenye vumbi.

"Papa, iko giza sana! Muntu atawaza tunataka kumufunga mu kasho ya polisi."

Siku zile alinifundisha kwa subira, kama nilivyomfundisha yeye kusoma ramani. Nifungue mapazia yote na kuzima taa, maana mwanga wa dirishani unatosha. Ningoje saa tatu asubuhi, jua linapoingia upande ule. Nisimame kwenye kona, nishike simu usawa wa kifua, nisiiinamishe. Nipige picha ya kitanda, kisha bafu, kisha mlango pamoja na ufunguo wake, kwa sababu mwanamke anayesafiri peke yake hutazama kwanza kama mlango unafungika. Nilipotaka kuuficha ufa wa ukutani kwa kabati, alikataa.

"Usifiche, papa. Mugeni akikuta kitu yenye hakuona mu picha, atasema tulimudanganya."

Nikapiga upya, nikatembea tena hadi mnarani. Safari hii hakujibu upesi. Alipopiga simu, sauti yake ilikuwa chini.

"Papa, nyuma ya mulango kuko kikwembe ya mama."

Nilirudi nyumbani nikautazama mlango. Kweli, kikwembe chake cha kijani, kitenge alichozoea kujifunga, kilikuwa kimening'inia kwenye msumari, mahali alipokitundika mwenyewe alipoanza kulala mchana kutwa kwa ugonjwa. Kwa karibu miaka miwili nilipita mbele yake kila siku nikifagia, wala sikukiona. Simu ilikiona mara moja. Nilikishusha nikakinusa. Harufu yake ilikuwa imetoka, ilibaki ya vumbi tu. Nilikikunja nikakipeleka chumbani kwangu, na siku hiyo sikupiga picha nyingine.

Kesho yake nilipiga nne za mwisho. Zilikuwa nzuri. Shuka imenyooka, taulo limekunjwa, mwanga umejaa mpaka pembeni. Kilikuwa chumba ambacho ungesema hakuna mtu aliyewahi kuugua ndani yake.

Mgeni wa kwanza alikuwa fundi wa madaraja, kijana mwenye adabu, aliyekuja kwa siku tano. Nilipiga pasi mashuka kwa pasi ya makaa, nikaweka ndoo mbili za maji, sabuni mpya, chupa ya maji ya moto. Kisha nikafanya jambo ambalo binti yangu hakuniambia: nikapika bukari, ugali wetu, na samaki wa Mulongo, nikaandaa sahani mbili. Sikuwa nimeandaa sahani mbili tangu msiba.

Niliongea. Nilimweleza mabwawa ya Upemba, mvua za Kabongo, wanafunzi wangu mmoja mmoja. Alisema, "Ndiyo, papa," akaitazama simu yake. Asubuhi nilikuwa nimeshakaa barazani kabla hajatoka. Nilibisha hodi kuuliza kama amelala vizuri, nikabisha tena kuuliza kama maji yalitosha, nikabisha mara ya tatu nikiwa na ndizi.

Siku ya tatu alisema kazi imekwisha na anarudi kwao. Nilimsindikiza hadi barabarani nikamtakia safari njema. Kesho yake mchana nilikwenda sokoni, nikamwona amesimama ananunua mkate. Alikuwa amehamia nyumba nyingine ya wageni, mitaa miwili tu kutoka kwangu. Aliinamisha macho, akanisalimu kwa heshima. Nami nikamsalimu, nikanunua chumvi ambayo sikuihitaji, nikaondoka.

Jumapili binti yangu alinisomea maneno ambayo yule kijana aliyaacha kwenye ukurasa. Alisoma polepole, naona alitamani kuyaruka. "Chumba ni safi, na kiko kama kwenye picha. Lakini mwenye nyumba haachi mtu apumzike."

"Papa," akasema, "mugeni anapenda ajue kama uko. Ukiisha kumuonyesha chumba, unaenda."

"Miye niende wapi?" nikamuuliza.

Mgeni wa pili alikuwa mke wa askari kutoka Mbandaka, na mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa amemfuata mumewe, lakini kule kambini aliambiwa mume yuko upande wa Malemba-Nkulu, angoje. Safari hii nilijikaza. Nilimpa ufunguo, nikamwonyesha bafu na jiko, nikaenda zangu chumba cha nyuma. Siku nne tuliishi hivyo. Nilimsikia akifagia, nikamsikia akimwimbia mtoto Kilingala. Alipokuwa akila nilisikia kijiko chake, nami nikala kimya upande wangu ili asisikie changu.

Siku ya tano alibisha mlangoni kwangu.

"Papa, nilikukosea?"

"Hapana, mama! Juu ya nini?"

"Tangu nafika, uko unanikimbia. Kwetu, mwenye nyumba akikunyamazia, ndio kusema utoke."

"Miye niliwaza unataka kupumzika."

"Kupumzika?" Alicheka, kisha macho yakajaa machozi. "Nimetoka kwetu zamani, papa. Mashua, kisha gari, kisha treni. Hapa mutoto ndio muntu moja tu mwenye nasema naye, na haniitikie."

Siku hiyo tulikula sombe yake ya majani ya mihogo kwenye ngazi ya jikoni, mtoto akiwa amelala juu ya mapaja yangu. Kiswahili chake alikichanganya na Kilingala, changu alikielewa nusu, na hatukujali. Alinisimulia mto wa kwao. Mimi nilimsimulia habari za mke wangu, jambo ambalo yule fundi sikumsimulia. Tangu hapo kila asubuhi nilimuuliza, "Leo tuongee, ao nikuache?" Siku nyingine alisema nimwache, nikamwacha bila kuumia.

Baada ya majuma mawili mumewe alikuja kumchukua, mwembamba, mavumbi hadi kwenye nyusi. Alinishika mkono kwa mikono miwili. Mwezi uliofuata yule mama alirudi mara moja kunisalimu, mtoto akiwa ameota meno mawili. Kisha mume akahamishiwa mashariki. Nilipiga namba ya yule mama mara nyingi, haipiti tena.

Wageni wanaendelea kuja, hasa kiangazi. Wote nawauliza swali lile lile siku ya kwanza, na wengi hunijibu kwa upole kwamba wamechoka. Narudi chumbani kwangu, nakaa kitandani, nasikia mtu akitembea ndani ya nyumba, na kwa siku hiyo inanitosha. Wakishaondoka, inanichukua siku mbili tatu kuuzoea tena ukimya.