Siku Saluni ya Baba Ilipokatwa

Jirani yangu hapa Nakuru huchomelea mageti. Kila akiwasha grenda yake ya kukatia chuma, na ile harufu ya chuma kinachoungua ikaingia dirishani, mimi hulifunga kwa kishindo nikamtakia mambo ambayo Mkristo hafai kuyatamka. Kosa si lake, maskini. Kosa ni la Jumamosi moja nikiwa na miaka tisa.

Baba alikuwa akipachika milango ya magari kiwandani, enzi zile magari madogo ya saluni yalikuwa bado yanaunganishwa humu nchini. Watu walipozoea gari ndogo kuukuu kutoka Japani, kiwanda kikabaki na pikapu na malori tu, na watu wa saluni wakaambiwa waende nyumbani. Baba akarudi na saluni moja kati ya zile za mwisho, rangi ya maziwa. Milango yote minne aliipachika yeye. Kuna siku alikuwa akiifungua na kuibamiza bure tu, asikie inavyolia.

Aliifanya teksi, lakini wapi! Kazi ilikuwa hapo kwetu Elburgon, na mkulima wa Elburgon hana haja na kiti laini. Ana mbao na magunia ya viazi. Gari likalala uani, nasi tukala ugali kwa chumvi.

Baba mdogo Barasa, ndugu yake wa kufuatana, alikuwa fundi wa kuchomelea. "Wacha nikate hiyo nyuma," alimsihi, "tuweke bodi ya mizigo, iwe pikapu."

"Utanikata mimi kwanza," Baba akajibu.

Jumamosi hiyo Baba alikuwa matangani Kakamega na Mama yuko sokoni. Baba mdogo akaja na grenda. "Babako amekubali. Nipatie ufunguo." Nilijua anadanganya. Nilikuwa pia nimechoka na ugali wa chumvi, basi nikautoa ufunguo chini ya godoro nikampa.

Chuma kilipiga kelele hadi meno yakaniuma. Cheche ziliunguza nguo kwenye kamba. Paa likakatika, vioo vikapasuka, na milango miwili ya nyuma ikatupwa matopeni. Gari likabaki wazi kama ng'ombe wa Krismasi aliyechunwa nusu.

Jioni Baba aliingia bado amevaa suti ya matanga. Aliokota spana ya magurudumu akamlenga nduguye kwenye kiwiko, na mimi niliyekuwa mlangoni nikasikia mfupa ukivunjika. Akampiga mgongoni, akampiga mdomoni. Damu ikaruka hadi kwenye shati jeupe la Baba. Siku hiyo Baba mdogo alikiona cha mtema kuni.

"Nani alikupatia ufunguo?" Baba aliuliza, spana iko juu.

Mkojo ulinitiririka miguuni.

"Nilivunja nyumba nikachukua," Baba mdogo akasema, huku akitema jino.

Akapigwa tena, kwa wizi. Majirani wanne ndio waliomshika Baba.

Hasira hasara, wahenga hawakukosea. Pikapu hiyo ilimaliziwa na fundi mwingine, ikabeba viazi, ikanisomesha hadi nikawa mwalimu. Baba aliiendesha miaka mingi na sikumwona hata siku moja akigeuka kutazama ile nyuma iliyokatwa. Nilikuwa nikimchukia kwa kumwaga damu ya nduguye kwa ajili ya mabati. Nilipofutwa kazi mimi mwenyewe ndipo nilipoelewa kwamba ile milango ndiyo kitu pekee alichobaki nacho cha kuonyesha kwamba aliwahi kuwa fundi. Kumwelewa si kumsamehe, na sijamsamehe.

Na Baba mdogo? Utotoni niliamini kwamba kipigo kilimchanganya akili, akasahau ni mimi niliyempa. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Niliringa moyoni kwamba nimeponyoka.

Mkono wake haukunyooka tena, na kuchomelea kukamshinda. Mwaka jana, Baba akiwa ameshazikwa, nilimwendea nikamwambia, "Baba mdogo, ufunguo nilikupa mimi."

Alinitazama kama mtu anayeulizwa jina lake.

"Sasa ulitaka nimwambie babako ni wewe," akasema, "na spana iko mkononi?"