Moyo wa Ng'ombe wa Harusi

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa siku hizi nasahau hata nilipoweka miwani. Mfaransa bado anatutawala. Tuko uani, mtaa wetu wa Badjanani, wanawake watupu, tunasafisha nyama ya harusi kubwa, ile ambayo mwanamume asipoifanya hahesabiwi mtu mzima hapa Moroni. Mimi msichana, mdomo mkali. Shule sikupelekwa, kusoma nilijifundisha kwenye magazeti ya kufungia chumvi.

Alikuwepo rafiki yangu Zaina. Mtoto wa milimani, juu ya Mutsamudu, kisiwa kingine kabisa. Alikuja kwetu kusoma, tukilala chumba kimoja, na anayemgusa Zaina kanigusa mimi. Alikuwa kapata nafasi ya kusomea udaktari Madagaska, ila msaada wa serikali ulikwenda kwa watoto wa nyumba kubwa. Asipopata wa kumlipia kabla meli haijaondoka, basi, arudi mlimani kulima. Mutsamudu alishabisha hodi. Wenye mji wakamwambia, "Watu wa porini tangu lini wakawa madaktari?"

Nikawaambia wanawake: zile pesa tulizochanga za sare ya harusi tumpe Zaina.

"Kwani ni wetu huyo?" Bi Fatima akanirukia, yuko kwenye kigoda maana kusimama kulikuwa kunamshinda. "Ana kisiwa chake! Sisi tuingie harusini na matambara?"

"Ingieni uchi! Mkifa, mtazikwa na sare?"

Lo! Koko, bibi yangu mzaa mama, akagonga mwiko kwenye sufuria. "We mtoto, unaomba au unapigana? Aombaye chumvi huombea chungu chake. Wewe chungu unakipiga teke! Kaa chini. Mwache mwenye haja aseme."

Tukageuka. Mwenye haja hata hasikii! Kapewa moyo wa ng'ombe aukatekate, kaupasua, kaingiza kidole.

"Binti, unatafuta nini humo, dhahabu?" Koko akamuuliza. Wenzetu wakacheka.

"Milango, Koko. Njoo uione."

Kuuliza si ujinga, mwanangu. Tulimzunguka kama kuku waliomwagiwa mchele. Akatuonyesha vijingozi vyembamba. Damu ikishapita vinajifunga, isirudi nyuma. Miaka yote tunaupika moyo, hakuna aliyewahi kuchungulia!

"Na visipofunga?" Bi Fatima huyo, sauti imeshuka.

"Mtu anaishiwa pumzi. Miguu inavimba."

Bi Fatima akavuta shiromani yake, lile shuka la kujitanda, akaifunika miguu. "Inatibika?"

"Sijui, mama. Ndicho ninachotaka kwenda kujua."

Mimi nina maneno tele mdomoni, nikayameza yote. Bi Fatima ndiye aliyeanza: "Sare mwaka huu mimi sitaki."

Tuliingia harusini na nguo za zamani. Wanawake wa mji wa Ntsoudjini walitucheka mpaka wakashika mbavu. Nikataka kumvaa mmoja, Koko akanikamata mkono. Zaina akasafiri kwa pesa zile. Bi Fatima hakuwahi kumwona akirudi, alitutoka kabla, Mungu amrehemu. Lakini Zaina alirudi daktari, na milimani kwao, ambako hakuna daktari aliyekuwa akipanda, akapanda kwa miguu yake. Akija Badjanani ua ulijaa wagonjwa, hao wa Ntsoudjini wakiwa wa mbele.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mwanangu, wakikuletea mtoto asiye na jina, wa watu wachache, wa kisiwa usichokijua, anataka kusomea kuponya watu, usimuulize babake nani. Muulize anataka kujua nini. Kisha toa, na utoe mapema, nafasi haingoji mtu. Na ukimwombea kwa wengine, usiwatukane, waonyeshe. Mimi mwenyewe hilo bado najifunza, na uzee wote huu.

Mola akupe mkono mwepesi wa kutoa. Na siku utakapolala kitandani hujiwezi, akuletee tabibu aliyesomeshwa na watu wasiomjua. Amin.