Barua ya Mkwe

Mama Aikaeli wa Nduruma alikuwa mtu pekee kitongojini kwetu mwenye bima ya nyumba, na hakutuacha tusahau. Mvua ikianza, sisi tunakimbizana na ndoo, yeye anakunywa chai. "Hangaikeni tu," anasema, "mimi nimekata bima." Mimi jirani yake nilikuwa nimechoka kumsikia.

Mafuriko ya Aprili yakabeba nyumba zetu, yake na yangu, bila kuuliza nani ana bima. Serikali ikatangaza kuwalipia waathirika kodi ya chumba kwa miezi mitatu. Mimi nilipata changu siku ya pili. Mama Aikaeli akaambiwa asubiri, kwa sababu ana bima. Wiki nzima alilala kwenye mkeka katika darasa la shule tulikohifadhiwa, na umri wake wa miaka sitini na nane, na goti bovu. Hamu ya kumtania ikaniisha kabisa.

Hatimaye kampuni ya bima ikampa barua: nyumba italipwa, ila ukaguzi ni wa miezi, na kodi ya chumba haimo kwenye mkataba. Mtendaji wa kata, kijana mpole wa Lindi, akaisoma akafurahi: sasa serikali inaweza kumlipia kodi. Kisha akafika swali la mwisho la fomu ya maombi: je, kuna ndugu mwenye nafasi ya kumpokea?

Mama Aikaeli hajui kudanganya. "Yupo binti yangu. Mumewe ana vyumba vitatu Engutoto."

"Basi mama, shida imeisha."

"Imeisha vipi? Nikalale kwa mkwe wangu?"

Kwetu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake, hata mvua inyeshe ya mawe. Nilimweleza mtendaji. Akasema ameelewa, lakini fomu haina nafasi ya mila. Mkwe mwenyewe aje aandike kwamba hampokei.

Calvin, mkwe wake, alifika asubuhi iliyofuata. Alisimama kwenye kibaraza cha ofisi ya kata, mama mkwe akakaa ndani nyuma ya mlango, kama heshima yao ilivyo, nami katikati nikipeleka maneno. Akapewa kalamu. Hakuandika.

"Mwambie mama," akaniambia, "mimi na Aikaeli tulishakubaliana tuhame sisi, yeye akae. Leo niandike namkataa? Karatasi hii itabaki ofisini hata nikifa."

Sikupata hata nafasi ya kupeleka maneno hayo. Kwa miaka kumi na moja Mama Aikaeli alikuwa hajamsemesha Calvin ila kupitia mtu, lakini sauti yake ikatoka nyuma ya mlango: "Andika, mwanangu. Mimi sitaisoma."

Akaandika: Mimi Calvin sina nafasi ya kumpokea mama yangu. Mtendaji akamwambia aongeze neno "mkwe". Calvin akamrudishia kalamu bila kuliongeza.

Ufunguo wa chumba ulitoka saa nane mchana. Tukiwa njiani, Mama Aikaeli akaniuliza ameandika nini. Nikamwambia neno kwa neno. Akakaa chini pembeni ya barabara, akalia.