Karanga, Mbwa wa Nyumbani kwa Letisia

Letisia alipokuwa msichana huko Lukuledi, mbwa wa wawindaji walimwangusha njiani akitoka kuokota kuni, wakamng'ata paja hata masista wa misheni wakamshona. Tangu hapo, akiona mbwa mbele yake alibadili njia, na kama njia nyingine ilikuwa ya matope, alipita matopeni. Sasa fikiria hali yake jioni ile ya mwaka 1949, mumewe Stefano alipoingia uani na mtoto wa mbwa kifuani, amemfunika kwa koti la kazi.

"Mama Josephina, nisikilize kwanza," Stefano alisema.

"Nitakusikiliza ukishamrudisha huyo ulikomtoa."

"Sina pa kumrudisha. Ni wa Memsahibu."

Siku hizo Nachingwea ilikuwa imefurika watu. Matrekta ya mradi wa karanga yalikuwa yakiangusha msitu kwa minyororo mchana kutwa, na Wazungu walikuwa wamejengewa mtaa wao. Stefano alifanya kazi kwa mhandisi mmoja, naye mke wa mhandisi ndiye aliyekuwa Memsahibu. Mama yule hakujaliwa mtoto, bali alikuwa na mbwa wakubwa wekundu, ambao manyoya ya katikati ya mgongo huota kuelekea mbele, kama mtu aliyechanwa nywele kinyume. Mbwa wa namna hiyo alikuwa akiwapeleka Nairobi kwenye mashindano. Huko mzee mmoja huwapitia mmoja mmoja, akifunua midomo yao kutazama meno, akiwapapasa mwili mzima. Mwaka uliotangulia Memsahibu alimpeleka mbwa mzuri sana, lakini mbwa huyo alikuwa amekulia bandani peke yake. Alipoguswa na mgeni alitetemeka, akajikojolea mbele ya watu.

Kesho yake Memsahibu alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni, akawaonyesha kwa kidole Josephina na mdogo wake Damiani.

"Mimi nataka mbwa kaa na watoto," alisema. "Watoto shika meno, shika mguu, shika mkia. Kila siku. Halafu yeye hapana ogopa mtu."

Akaacha masharti yake: mbwa asifungwe kamba, asipewe mifupa ya kuku, asinenepeshwe. Akaacha na nyama, unga, na kopo la maziwa ya unga. Mbwa alikuwa na jina refu la Kizungu ambalo hata Stefano lilimshinda kutamka. Damiani alimtazama, akaona rangi yake ni ile ile ya ganda jembamba la karanga iliyomenywa. Basi akawa Karanga.

Majuma ya kwanza Letisia hakumgusa. Alimsogezea chakula kwa mpini wa mwiko. Lakini kilichomkera zaidi ya mbwa ni lile kopo. Asubuhi alimkorogea Karanga maziwa, na watoto wake wakasimama pembeni wakinusa. Siku moja Damiani aliinama akalamba kilichobaki kwenye kifuniko. Letisia alijifunga kitenge, akashika kopo, akaenda mtaa wa Wazungu.

Kiswahili chake kilikuwa cha darasani misheni. Nyumbani kwao walisema Kimakua. Cha Memsahibu kilikuwa cha jikoni. Hata hivyo walielewana.

"Memsahibu, watoto wangu ndio wanaomfundisha mbwa wako. Mwalimu haketi na njaa akimtazama mwanafunzi anakunywa."

Memsahibu aliiva uso mpaka masikioni. Aliingia ndani, na Letisia akadhani ameponza kazi ya mumewe. Mama yule akatoka na makopo mawili, akayaweka miguuni pake bila kumtazama. Toka siku hiyo yalikuja makopo mawili kila mara, la watoto likiwa kubwa kuliko la mbwa.

Jambo la pili lilikuwa la jirani. Mwanawetu, Mmwera wa kutoka Mbekenyera, alikuwa Mwislamu na rafiki mkubwa wa Letisia. Kinu chao kilikuwa kimoja.

"Mama Josephina," Mwanawetu alimwambia, "wewe ni ndugu yangu. Lakini mate ya mgeni wako yasifike kwenye vyombo vyangu."

"Hayatafika, Mama Mwamini. Kinu kitakaa kwako. Nitakuja kutwangia huko."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwamini, binti wa Mwanawetu, aliruhusiwa kucheza nao bila kumgusa mbwa. Ajabu ni kwamba katika watoto wote, Karanga alimtii yeye zaidi. Mwamini alikuwa akiinua kijiti cha muhogo, na Karanga anasimama wima, miguu imepangana, shingo juu, hapepesi macho. Hapo Damiani alikuwa akija kwa mwendo wa kizee, mikono nyuma, akifunua midomo ya mbwa na kuguna, "Mmh! Meno safi!" Watoto wengine wakaanguka kwa kicheko, na Karanga hatikisiki.

Letisia hakujua ni lini hasa woga ulimtoka. Anachokumbuka ni siku moja ya mvua, amekaa kizingitini akichambua mchicha, akahisi kitu kizito na cha moto mguuni. Karanga alikuwa amemlalia miguu. Alitaka kuvuta mguu, akaona usingizi wa mbwa ni mtamu, akaendelea kuchambua mchicha.

Mbwa alipokuwa amekaribia kimo cha wakubwa, Memsahibu alimleta mgeni kutoka Lindi, Mzungu mnene aliyejua mbwa. Uani palijaa watu. Mwamini aliinua kijiti, Karanga akasimama. Mgeni alimtazama meno, akampapasa mgongo na kifua, akawa anatabasamu. Mkono ulipofika chini ya tumbo, kwa nyuma, ukasimama. Akapapasa tena. Kisha akamwambia Memsahibu maneno machache ya Kiingereza, na uso wa yule mama ukanywea.

Stefano alieleza baadaye. Dume wa mashindano lazima kende zake zote mbili ziwe zimeshuka. Karanga alishusha moja tu. Nairobi hawamtaki, na hafai hata kupandishwa asije akazaa wenye kasoro hiyo.

"Kwa hiyo tutakaa naye?" Josephina aliuliza.

Stefano alitazama pembeni. "Wenye mbwa hawa, mwenye kasoro hawamwachi hai. Bwana atampiga risasi kesho."

Letisia alisimama. "Baba Josephina, kaa na watoto."

Alimkuta Memsahibu barazani, chai imepoa mbele yake, macho mekundu. Letisia hakungoja kukaribishwa.

"Uliniambia watoto wamfundishe asiogope mtu. Wamemfundisha, Memsahibu. Sasa haogopi mtu yeyote. Kesho bwana akichukua bunduki, Karanga atamfuata anatikisa mkia. Atasimama vizuri, kama alivyofundishwa na wanangu. Ndiyo kazi uliyotupa?"

Memsahibu alifunika uso. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Yeye hapana zaa. Hapana kabisa."

"Hatazaa."

"Daktari ya ng'ombe atamkata. Halafu yeye ya kwako."

Karanga alikatwa, akaugua siku chache, akapona. Memsahibu alikuja kumwona mara mbili tatu, akikaa kwenye kigoda cha Letisia na kunywa uji pamoja na watoto.

Mradi wa karanga haukudumu. Wazungu walifunga mizigo, matrekta yakaachwa yanaota kutu, na Stefano, kazi ikiwa imekwisha, akaihamishia familia Mkotokuyana. Walilima mahindi, wakapanda na mikorosho. Huko Karanga alipata kazi ambayo hakuna aliyemfundisha: nguruwe pori walimkoma. Jirani zao Waislamu, ambao wasingethubutu kumgusa, walimtumia Letisia ufuta kila mavuno, kwa kuwa mashamba yao nayo yalipona.

Josephina alipoolewa, karibu na mwisho wa miaka ya hamsini, Karanga alikuwa mzee, pua imeota mvi, macho yana ukungu. Mwanawetu alisafiri na Mwamini wake kuja arusini. Maharusi na watu wao, wakitoka kanisani, walipokaribia mlango kwa ngoma na vigelegele, walimkuta Karanga amelala katikati ya njia, hasikii. Bwana harusi, kijana wa Masasi, aliinua mguu kumsukuma.

"Mwache, baba," Letisia alisema. "Piteni pembeni."

Wakapita pembeni wote, wapiga ngoma, wazee, bibi harusi na shela lake, wengine wakikanyaga tuta la viazi.