Moshi wa Limau wa Dada Yangu

Chupa ya kwanza ya jini niliyowahi kuinusa ilikuwa tupu. Mpishi wa nyumba ya Wazungu kule mgodini alimletea dada yangu, kwa kuwa dada alikuwa akinunua chupa tupu, akamwambia ainuse kabla hajaiosha. Tulipokezana, dada, mumewe na mimi. Ilikuwa na harufu ya ganda la limau lililokwaruzwa kwa ukucha, na nyuma yake harufu kali ya majani, kama ya mti uliokatwa asubuhi hiyo. Mpishi alisema mabwana zake waliinywa na maji yenye mapovu, na kwamba ilikuwa ya manjano kidogo. Dada alikaa na chupa ile siku mbili bila kuiosha. Siku ya tatu aliagiza malimau.

Hiyo ilikuwa miaka ya thelathini, katika kambi ya mgodi wa dhahabu upande wa Geita. Shemeji yangu alifanya kazi chini ya ardhi, nami nilikuwa dresa katika zahanati ya kambi, niliyefundishwa kuosha vidonda, kupima dawa na kuandika daftari. Kwetu ni karibu na Didia. Dada alipika moshi, yaani pombe inayochemshwa ukakingwa mvuke wake. Sheria iliukataza, na askari wa kambi waliokuja kuunywa waliijua sheria hiyo vizuri.

Alianza na pombe ya kawaida ya uwele na kimea, akatia sukari guru, akaiacha mtungini siku tano mpaka ikaacha kutoa povu. Kisha aliimimina katika debe la mafuta ya taa lililosuguliwa kwa majivu, akaziba mdomo kwa udongo wa kichuguu, na katika udongo huo akapitisha bomba la shaba. Bomba lilipita ndani ya hori la maji baridi likatokea upande wa pili, juu ya chupa. Moto ulitakiwa uwe mdogo. "Ukiharakisha," alikuwa akisema, "utauza maji ya kunawia." Matone ya kwanza aliyamwaga kwa sababu yalichoma pua. Ya mwisho yalikuwa na ladha ya kitambaa kilicholowa, nayo aliyarudisha debeni. Alichouza ni cha katikati.

Limau aliliingiza hivi: alimenya ganda la juu tu, lile la manjano, bila ule weupe wa ndani ulio mchungu, akaliloweka katika moshi kwa siku moja, kisha akauchemsha tena polepole. Kilichotoka kilikuwa cheupe kama maji, kikavu mdomoni, kikali kooni, na harufu ya limau ilipanda puani baada ya kumeza, si kabla. Malimau yaliletwa kwa baiskeli na wachuuzi kutoka kando ya ziwa, upande wa Chato.

Dada hakuwa mlevi. Alionja tu. Kwetu, anayempa mtu pombe huinywa yeye kwanza mbele ya macho yake, ili mgeni aone kwamba hakuna kitu ndani. Katika kambi ya watu waliotoka kila upande, wasiojuana baba wala mama, desturi hiyo ilishikwa kuliko hata nyumbani. Kila kundi lililoketi uani kwake lilimwona akimeza kikombe kidogo. Jumamosi vilikuwa vikombe sita au saba.

Na mwaka huo alikuwa na mimba. Watoto wake wawili wa kwanza walikufa kwa homa kabla hawajatembea, kisha ikapita miaka sita bila kitu. Wakwe zake walikuwa wameanza kumtafutia shemeji mke wa pili. Shemeji alinyamaza juu ya jambo hilo, na dada aliuogopa ukimya wake kuliko maneno ya mama mkwe. Alipokosa siku zake mara ya pili, aliniambia mimi kabla ya kumwambia mumewe, akataka nimhesabie miezi. Nilihesabu kwa vidole mara mbili. Alicheka, akauficha mdomo kwa upande wa kanga.

Mvua zilipoanza, bomba la shaba lilipasuka. Shemeji akapata rejeta ya lori bovu lililotupwa nyuma ya karakana. Ilikuwa na vibomba vyembamba vingi, kwa hiyo mvuke ungepoa upesi na hori lisingehitaji kujazwa kila mara. Kwa mwanamke mwenye mimba aliyechota maji mbali, huo ulikuwa msaada mkubwa. Lakini ndani ilikuwa na kutu ya kijani, na dada akaniuliza aisafisheje. Nilimwambia atumie maji ya limau, kama wanawake wa mjini wanavyosugua mabuli yao ya shaba. Tena asiioshe kwa haraka: aijaze, aiache kutwa nzima, ndipo amwage. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayelipwa kwa kujua usafi.

Alifuata maneno yangu. Baadaye aligundua kwamba akiacha maji kidogo ya limau ndani ya rejeta, moshi ulitoka na ladha yake bila haja ya kuloweka maganda. Akaacha kumenya. Na moshi ukawa mtamu. Haukuwa utamu wa sukari. Ulikuja mwishoni, pembeni mwa ulimi, ukakaa hapo muda mrefu baada ya ukali kuondoka.

"Mayu, umetia sukari," alisema Msumbwa mmoja, mpiga tundu, mtu wa kushika nyundo na kutoboa mwamba ili baruti iingie. Kila mtu uani pale alimwita dada mayu, mama, kwa Kisukuma.

"Sukari ya nani? Ile uliyoniletea wewe?"

"Basi umechovya kidole chako."

"Kidole changu kichungu. Muulize mume wangu."

Watu walicheka, na shemeji, aliyekuwa akichonga mpini pembeni, alicheka pia. Kuanzia wiki ile watu hawakuenea uani.

Mwezi wa nne wa rejeta, wanaume walianza kuja zahanati wakishika matumbo. Tumbo lilisokota, choo hakikutoka siku tano, sita. Niliwapa mafuta ya mbarika, nikaandika daftarini: tumbo. Kisha akaja yule mpiga tundu. Nilimwambia anyooshe mikono. Wa kushoto ulinyooka. Wa kulia ulining'inia kuanzia kifundo, kama jani la mgomba lililovunjika.

"Umeulalia," nilisema.

"Nimeulalia wiki mbili? Dresa, hata kijiko kinanianguka."

Daktari Mzungu alikuja mara moja kwa mwezi. Alimfunua mpiga tundu midomo, akanionyesha kwa njiti ya kiberiti mstari mweusi unaokaribia bluu kwenye ufizi, chini ya meno. Alisema ni risasi. Si ya bunduki. Ni madini yenyewe, yameingia mwilini kidogo kidogo. Aliuliza kama mtu huyu alifanya kazi katika chumba cha kupimia dhahabu, ambako risasi huyeyushwa. Hapana. Na wale wengine wa matumbo? Hapana.

"Wanakunywa nini?" aliniuliza, nami nikamtafsiria mgonjwa.

Mpiga tundu alinitazama. "Mwambie maji."

Nikamwambia maji.

Daktari alikunja uso. Akasema, akinawa mikono, kwamba risasi ikikutana na kitu kichachu, kama siki au limau, huyeyuka na kuwa tamu, na kwamba zamani kwao watu waliharibu mvinyo namna hiyo. Niwaulize pia wanawake wa kambi, akasema, hasa wenye mimba, kwa sababu risasi hutoa mimba.

Niliandika alichosema. Nakumbuka mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Kisha nikafunga zahanati, nikaenda.

Ilikuwa Jumamosi mchana, na watu wanane walikuwa wameshaketi uani. Nilimwita dada nyuma ya nyumba, nikamwambia afungue mdomo. Mstari ulikuwapo, mwembamba, kama uliochorwa na mtu kwa kalamu.

"Tumbo linakuuma tangu lini?"

"Tumbo la mimba huuma, mdogo wangu. Wewe umezaa lini?"

Nikamweleza. Vibomba vya rejeta vimeungwa kwa lehemu, na lehemu ina risasi. Limau linaila.

"Limau," alisema.

"Ndiyo."

"Wewe ndiye uliyeniambia nioshe kwa limau."

"Mimi."

Alijifunga kanga upya, polepole, juu ya tumbo. Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa saba. "Basi sionji tena," akasema. "Nitawaambia hakuna." Lakini tulipotokea uani, shemeji, asiyejua lolote, alikuwa ameshaziweka chupa juu ya mkeka.

Dada alisema moshi wa leo umeharibika, waende. Hakuna aliyesimama. Mpiga tundu alikuwa ameuweka mkono wake mapajani, kama mzigo wa mtu mwingine.

"Umeharibikaje, mayu, nao unanukia hivi?"

"Umeharibika tu. Nami sijisikii vizuri, sitaonja."

"Hutaonja." Alitazama wenzake. "Sisi hapa sote matumbo yanatusokota. Mimi mkono wangu umekufa. Watu wanasema kuna mtu ana dawa kambini. Sisemi ni wewe. Nasema onja, kama siku zote."

Mwaka uliotangulia, mwanamke aliyetuhumiwa uchawi katika kambi ya jirani alichomewa nyumba akiwamo ndani. Sote uani tulilijua hilo. Ningeweza kusema risasi, rejeta, lehemu. Wao wangesikia sumu, na kwamba mwenye nyumba alijua. Nilitafuta sentensi ambayo ingemtoa dada pale, na sikuipata. Nilikuwa bado naitafuta alipoinama, akamimina, akanywa. Alimeza taratibu, kisha akakigeuza kikombe ili waone kwamba ni kikavu.

"Asante, mayu," alisema mpiga tundu, akanyoosha mkono wa kushoto apokee chake.

Asubuhi yake mimi na shemeji tuliipasua rejeta kwa shoka. Kwenye maungio lehemu ilikuwa imeliwa, imebaki unga mweupe. Tuliitupa katika shimo lililoachwa, na dada akawatangazia watu kwamba ameacha kupika kwa sababu ya mimba.

Siku kumi na moja baadaye mtoto alizaliwa, mvulana, amekufa. Aliyempokea ni mjane mmoja mzee, jirani, mpika pombe ya kawaida, aliyekuwa akimpa dada kimea. Ndiye pia aliyemzika, penye unyevu, yeye na wanawake wawili, kama desturi inavyotaka kwa mtoto ambaye hakulia. Wanaume hatukuonyeshwa mahali. Kikombe kile kimoja sicho kilichoua. Vilikuwa vikombe vya miezi mitano. Najua hivyo kama dresa, na ujuzi huo haujawahi kunisaidia.

Nilitaka kumweleza shemeji lehemu ilifanya nini kwa mtoto. Kwake rejeta ilikuwa mbovu tu. Dada alinikataza.

"Akijua ni rejeta, atajua ni yeye aliyeileta na wewe uliyeiosha. Acha waseme nimerogwa. Aliyerogwa huonewa huruma."

Daktari aliporudi aliuliza kama tumepata chanzo, nikasema hatukupata.

Mama mkwe alikuja kutoka Didia na mganga wa kupiga ramli. Mganga alipasua kuku, akatazama ndani, akauliza nani alikuwa wa kwanza kumshika mtoto. Walimtaja mjane. Hawakumchomea nyumba, walimpa siku tatu awe ameondoka kambini.

Nilikutana naye siku ya tatu kwenye njia ya kuelekea barabarani, mtungi mmoja kichwani, mwingine mgongoni ndani ya kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Alisimama, akauweka sawa mzigo. "Nisalimie dada yako. Mwambie asianze kubeba maji mapema."

Nikasema nitamwambia.